Baiskeli Isiyo na Keria

Nauli ya kutoka Matulo hadi Bungoma ilipopanda kwa mara nyingine, kuna waliolaani serikali, kuna waliolaani makanga, na kuna Jairus Wanyonyi, ambaye hakumlaani mtu ila alianza kuchelewa kazini. Alikuwa akisimama kando ya lami akingoja gari lenye makanga wa kumhurumia, anakosa, anangoja lingine, na alipofika katika duka la vifaa vya ujenzi alikokuwa akipima misumari na kukata mabati, alikuta wateja wamejaa na tajiri wake amekunja uso. Siku moja tajiri alimwita nyuma ya mifuko ya simiti, mahali ambapo wafanyakazi wenzake waliweza kusikia kila neno bila kuonekana kwamba wanasikiliza.

"Wanyonyi, wewe ni mtu mzima," alimwambia. "Sitaki kukusomea kama mtoto. Lakini ukichelewa tena, usijisumbue kuingia. Rudi tu nyumbani ulale."

Jairus alisema sawa. Umri wake ulikuwa ule ambao mtu akifukuzwa kazi hapati nyingine, na hilo alilijua kuliko tajiri. Jioni alitembea nusu ya safari ya kurudi nyumbani ili abakize pesa ya unga, na katika kutembea huko ndiko alikokata kauli: atanunua baiskeli.

Jambo jepesi hilo, utasema. Kwa Jairus hakukuwa na jambo jepesi tangu mkewe Pauline afariki. Bomani walikuwa wamebaki watu wawili: yeye, na Jerono, mke wa mwanawe Khisa. Khisa mwenyewe alikwenda Nairobi kutafuta kazi, na alikuwa ameitafuta kwa muda mrefu hivi kwamba watu walikuwa wameacha kuuliza kama ameipata. Jerono, binti wa watu wa Endebess kule mlimani, alikaa katika nyumba yake ndogo upande wa chini wa boma. Jairus alikaa katika yake upande wa juu. Katikati yao kulikuwa na ua na heshima.

Heshima hiyo haikuwa ya mchezo. Kwa Wabukusu, mzee na mke wa mwanawe hawaketi benchi moja, hawali chungu kimoja, na hakuna anayekanyaga chumba cha mwenzake. Siku hizi mambo yamelegea. Wapo wazee wanaotazama televisheni kwenye kochi moja na wake za watoto wao, na mbingu hazijaanguka. Jairus hakuwa mmoja wao. Alilelewa na baba ambaye akimwona mke wa mwanawe njiani, alijitosa ndani ya mahindi mpaka apite. Pauline alipokuwa hai, yeye ndiye aliyepeleka na kurudisha maneno. "Mama Khisa, mwambie huyo mtoto chumvi imezidi." "Mama, mwambie baba anisamehe." Alipokwenda, kila mmoja alibaki na maneno yake mdomoni.

Kusalimiana walisalimiana, kwa mbali. Lakini neno lenye uzito lilitaka mtu wa katikati, na mtu hakuwepo. Kulikuwa na ndama. Ndama huyo alifiwa na mama yake akiwa mchanga, na Jerono ndiye aliyemlea kwa maziwa ya kuomba kwa jirani, akamkatia majani ya nepia, akamkogesha dawa ya kupe, mpaka akanawiri. Naye ndama alilipa wema huo kwa kusimama kimya wakati watu wawili wakizungumza kupitia masikio yake.

Jioni hiyo Jerono aliweka ugali na mrenda kwenye kigoda mbele ya mlango wa Jairus, akarudi hadi kwenye mti wa avokado alipofungwa ndama, akampa mzee ubavu. Jairus alinawa, akamega tonge, akakohoa.

"Ndama," alisema, "mwambie mama kwamba tajiri ananiwinda. Nataka kukuuza, ninunue baiskeli."

"Ndama, mwambie baba wewe ni wake," Jerono alijibu akimkuna shingoni. "Auze tu."

"Mwambie ni yeye alikulea. Sitaki kukutoa hapa kama mwizi."

Jerono aliacha kumkuna. Ndama aliendelea kutafuna kamba yake.

"Mwambie baba auze. Lakini anunue ile iko na keria huku nyuma. Ya nguvu. Hata kama ataenda nayo kazi, si Jumapili inakuwa hapa? Naweza funga gunia ya mahindi nipeleke kisiagi, ama mboga nipeleke soko. Saa hii shingo inaniuma, ndama. Usiku hata kugeuka siwezi. Mwambie."

"Mwambie nimesikia," alisema Jairus.

Na kweli alisikia. Shida ya Jairus haikuwa masikio.

Asubuhi alipokuwa akimvuta ndama kwenda naye soko la Kamukuywa, alikuta wanawake kwenye mfereji wa maji, na katikati yao Nakhungu, jirani yake wa pili, mwenye mdomo usiojua likizo.

"Baba Khisa! Ati unanunua baiskeri?" aliita. "Sasa mtakuwa mnabebana na bibi yako mpaka soko! Ai, pole, ulimi. Na bibi ya Khisa!"

Wanawake walicheka, wengine kwa haya, wengine bila. Jairus aliinua mkono kama mtu aliyepokea salamu, akaendelea na ndama wake. Lakini neno lilimwingia. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Na yeye alijua kwamba mzee mjane na mke kijana aliyeachwa, katika boma moja, ni uji moto kwa watu wasio na kazi. Alitembea akiwaza jinsi ya kulizima neno hilo kabla halijaota miguu.

*

Alimuuza ndama Kamukuywa kwa bei ya kuridhisha, hakumtazama machoni, akapanda gari hadi Kitale ambako aliambiwa ndiko baiskeli kuukuu za ng'ambo zinakoshushwa. Muuzaji alikuwa kijana aitwaye Kipketer, mwenye mikono iliyojaa grisi na maneno yaliyojaa asali.

"Niaje mzee wangu. Unatafutia kijana?"

"Natafuta yangu."

Kipketer alimtazama magoti kwanza, kisha uso. "Fiti. Ya kuenda wapi?"

"Kazi. Kila siku. Matulo mpaka Bungoma na kurudi."

"Basi achana na hizo zote, ni za watoto. Kuja uone hizi mbili. Hii ya kwanza ni haibridi."

"Kijana, mimi nimekuja kutafuta baiskeli," alisema Jairus. "Mbegu nilishapanda."

Vijana waliokuwa wakiziba pancha waliangua kicheko, na Jairus naye akatabasamu, maana ilikuwa imepita muda tangu aseme kitu kikachekesha watu.

"Si mahindi, mzee! Hii ni damu mbili. Nusu ya mlimani, nusu ya resi. Tairi si nene, si nyembamba. Usukani umenyooka, unakaa wima kama uko kanisani. Lami inaenda, marram inaenda, lori ikikusukuma kando huanguki. Na nyuma hapa uko na keria: gunia, mtungi, mtu, chochote."

"Na hiyo ingine?"

Kipketer alishusha sauti kama anayemtambulisha bibi arusi. "Hiyo ni resi."

Ilikuwa nyekundu, nyembamba, usukani wake umejikunja kama pembe za kondoo dume. Jairus aliiinua kwa mkono mmoja na kushangaa.

"Hiyo kwa lami hakuna kitu itakuguza," alisema Kipketer. "Lakini nikuambie ukweli, isije ukanirudia: haibebi. Ukiifungia keria unaiua. Hata chakula yako utavaa mgongoni. Na matope haitaki. Si upande zote ujionee?"

Alipanda haibridi kwanza, akaenda nayo hadi mwisho wa barabara. Ilikuwa imetulia, kiti kipana, mgongo haukulalamika. Ilikuwa baiskeli ya mtu mwenye watu. Alipogeuka aliona kivuli chake ardhini, na nyuma ya kivuli chake ile keria tupu, na moyo ukamwuma bila taarifa. Pauline alikuwa akikaa mahali kama hapo, miguu upande mmoja, akimwonya kuhusu mashimo ambayo yeye alikuwa ameshayaona.

Kisha akapanda resi. Mwanzoni alikuwa kichekesho, matako juu kichwa chini, na kijana mmoja akasema mzee ameinama kama anatafuta shilingi iliyoanguka. Lakini alipokanyaga, lami iliteleza chini yake, upepo ukamjaa shatini, na kwa muda mfupi hakuwa mjane wala mpima misumari wa mtu. Alirudi anahema, macho yanamng'aa.

"Umeipenda," alisema Kipketer.

"Mwenzake pia ni nzuri."

"Basi nikuulize kitu moja tu, mzee, nikusaidie. Ni nani atakuwa anakaa nyuma?"

Lilikuwa swali la biashara, halina ubaya. Jairus aliangalia ile keria. Alisikia kicheko cha mferejini. Alimwona Jerono na gunia lake, na kando ya gunia akauona mdomo wa Nakhungu ukifunguka, na neno likitoka hapo likienda Webuye, likienda kanisani, likienda hadi Endebess kwa ndugu zake. Hapo ndipo alipopata werevu wake. Alijiambia kwamba baiskeli isiyo na nyuma haina mtu wa kukaa nyuma, na hakuna ulimi duniani unaoweza kumkalisha Jerono mahali ambapo hapapo.

"Hakuna," alisema. "Hakuna mtu wa kukaa nyuma."

"Basi jibu ndiyo hiyo. Kama uko peke yako, haibridi ya nini?"

Alilipa. Aliendesha kutoka Kitale akapita Kiminini, akapita Kamukuywa bila kutazama upande wa mnadani, akateremka Misikhu malori yakimpigia honi, na njia nzima alikuwa anajisifu. Aliona ameilinda heshima ya boma lake kuliko baba yake aliyekuwa akijificha kwenye mahindi. Shingo ya Jerono ilimpitia akilini mara kadhaa. Aliiahidi kwamba mambo yakinyooka atatafuta njia nyingine, kama watu wanavyoahidi.

Jerono alikuwa uani. Alikuwa amechana tairi kuukuu kwa kisu, akatoa ukanda mrefu wa mpira, wa kufungia mzigo kwenye keria, na alikuwa akiuvuta kuupima kama una nguvu. Aliinua macho akaona ile nyekundu. Aliizunguka kwa macho kutoka usukani hadi tairi ya nyuma, akafika mwisho, akarudi tena pale mwisho kama mtu anayetafuta kilichodondoka. Kisha akaanza kuukunja ule mpira taratibu.

Alitafuta wa kumwambia. Chini ya mti wa avokado kulikuwa na kamba tu.

"Karibu, baba," aliiambia ardhi. "Ni nzuri."

*

Kazini mambo yalinyooka. Jairus alifika kabla ya duka kufunguliwa, tajiri akamwita mfano wa kuigwa, na wale waliosikia aibu yake nyuma ya simiti sasa walimwita Mwanariadha. Lakini nyumbani kukawa kimya cha kuumiza. Jerono alileta chakula, akakiweka, akaondoka. Hakusimama tena mtini. Ugali ulikuwa ule ule, mboga ile ile, chumvi haikuzidi wala kupungua, na Jairus alikula akisikia meno yake mwenyewe. Baiskeli alikuwa akiilaza ndani kwa kuogopa wezi, na jioni alijikuta akiitazama kana kwamba inaweza kuanza mazungumzo. Alikuwa mpweke. Hakuwa na neno zuri zaidi la kuiita hali hiyo, na hakuwa na wa kumwambia.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Jairus hakuwa na mjukuu wa kumjua, lakini majuto yalimjia mapema.

Mvua ilinyesha usiku kucha, na asubuhi ile njia ya udongo kutoka bomani hadi kwenye lami ilikuwa tope tupu. Tairi nyembamba za resi zilizama, tope likajaa kwenye breki, magurudumu yakagoma kuzunguka. Jairus hakuwa na la kufanya ila kuiinua baiskeli na kuitia begani. Alipopinda kwenye kona alimwona Jerono mbele yake, kapu la mboga kichwani, akichagua pa kukanyaga. Basi wakaenda hivyo, mmoja nyuma ya mwingine kwa heshima zote, kila mtu na mzigo wake, na Nakhungu akatokea kwenye ua wake kama aliyeitwa.

"Baba Khisa! Baiskeri inakubeba ama wewe ndiyo unaibeba?"

Jairus aliendelea kutembea. Jerono pia hakugeuka. Walipopita mbali ya masikio yale, Jerono alipunguza mwendo, akasema bila kugeuza kichwa, maana kapu halikumruhusu.

"Baba, leo hakuna ndama. Nitaongea na wewe tu. Unisamehe."

"Sema, mama."

"Jumamosi naenda kwetu. Si kutembea. Naenda kabisa."

Jairus alisimama. Tope lilimshika viatu. "Khisa atarudi," alisema, na hata yeye alisikia jinsi neno hilo lilivyochakaa.

"Khisa ako na bibi Nairobi. Ako na mtoto. Msichana wa Nakhungu alinionyesha picha kwa simu, mama akiwa bado mzima. Mama alijua. Alisema nisikuambie, utagonjeka."

Kwa hiyo wote walijua. Pauline alijua akafa nalo, Nakhungu alijua, mfereji mzima wa maji ulijua. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa akisema kila Krismasi kwamba huenda mwaka huu akaja. Aliona aibu hata mbele ya baiskeli.

"Sasa ulikaa ya nini?" aliuliza.

"Nilikaa sababu ya mama. Alafu nikakaa sababu yako. Nilisema hii boma iko na watu wawili, na wawili ni watu. Mtu anaweza ishi." Alivuta pumzi. "Lakini ile siku ulirudi na hiyo kitu, niliona wewe umehesabu watu wa boma ukapata mmoja."

"Hapana! Ilikuwa heshima, mama. Ilikuwa juu ya midomo ya watu. Niliogopa waseme unakaa nyuma yangu."

Jerono alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Baba, mimi siwezi kaa nyuma yako hata ukinunua lori. Nilitaka gunia ndiyo ikae."

Jairus aliutikisa mguu uliokwama kwenye tope. Baiskeli ilimwelemea begani.

"Kuna ingine," aliendelea Jerono, na sauti yake ikawa ndogo. "Kaka yangu Kiplangat anauliza kama mtadai ng'ombe za mahari. Zile mlileta aliuza, akalipa karo ya watoto. Anasema kama mtadai, nirudi kwa boma yenu nikae mpaka atafute zingine, na hajui atatoa wapi. Nimwambie nini?"

Jairus hakutarajia swali hilo, na lilimgusa mahali pabaya. Kwani alilielewa mara moja. Akisema ng'ombe watadaiwa, Jerono hataondoka. Atabaki mwaka, labda miwili, labda mpaka yeye Jairus azikwe. Jioni kutakuwa na mtu upande wa chini wa boma, kutakuwa na moshi, na hakuna atakayemlaumu, maana ni haki yake.

"Nipe nifikirie," alisema.

"Haya, baba," Jerono alisema, akaendelea na kapu lake.

*

Alifikiria vibaya kwanza, kama tufanyavyo wengi. Alidhani kosa liko kwenye baiskeli, na baiskeli inabadilishwa. Alimwomba tajiri ruhusa ya Ijumaa na sehemu ya mshahara kabla ya mwezi kuisha. Tajiri alimsimamisha kaunta akihudumia wateja wote, hata aliyekuja kununua msumari wa kutundikia kalenda, ndipo akampa huku akitikisa kichwa. Jairus alisema asante, akaishika njia ya Kitale, na mlima ule aliouteremka kwa majivuno akaupanda kwa kusukuma.

"Mzee!" Kipketer alimlaki. "Resi imekushinda?"

"Haikunishinda. Nilikosea kuhesabu."

Kipketer hakuelewa, lakini aliona mikwaruzo na tope, na hivyo alivielewa vizuri. Walivutana bei. Jairus hakuwa na nguvu za kuvutana. Aliongeza pesa yote aliyoipata kwa aibu kwenye kaunta, akaondoka na haibridi ile ile, ambayo haikuwa imepata mteja. Mwendo wa kurudi ulikuwa wa polepole. Kila alipopita shimo, keria ilitoa mlio mdogo nyuma yake, na yeye alijiambia: ataiona. Akiiona ataelewa.

Jerono aliiona. Alikuwa akianua nguo. Aliikaribia kuliko alivyowahi kukaribia kitu ambacho Jairus amekishika, akaikandamiza ile keria kwa kiganja, ikavumilia.

"Hii sasa ni baiskeli," alisema.

"Kesho nitakupelekea mboga soko. Na mahindi kisiagi. Wewe utafunga tu."

"Kesho ni Jumamosi, baba."

Hakusema kwa ubaya. Akakusanya nguo zake kwenye mikono akaingia nazo ndani, na mlango ulipokuwa wazi Jairus aliona mabegi mawili yamekaa kitandani, moja limeshafungwa. Alisimama uani na baiskeli yake mpya iliyo kuukuu. Neno la ng'ombe lilimjia ulimini likiwa limeiva. Angelisema tu kwa sauti ya kawaida, akiwa pale pale alipo, na lile begi lingefunguliwa. Alilimeza. Lakini pia hakulisema lile jingine, la kumwachilia, na akaingia kwake akiwa ameshindwa pande zote mbili.

Asubuhi hakwenda kazini. Alikuwa ameegemeza baiskeli mbele ya nyumba ya chini kabla Jerono hajafungua mlango, naye akageukia pembeni ili Jerono apate kutoka. Jerono aliyafunga mabegi kwenye keria, akavuta fundo, akajaribu kuyatikisa. Hayakutikisika. Wakashika njia, Jairus akisukuma mbele, Jerono nyuma hatua kadhaa, na watu wakatoka kwenye nyua kuangalia. Hata wale waliozoea kucheka waliona kwamba hapa pana msiba, ingawa hakuna maiti.

Kwenye lami, pale magari yanaposimama, Nakhungu alikuwa amepanga ndizi zake na wenzake wamepanga zao. Jerono aliyafungua mabegi kutoka kwenye keria akayaweka chini. Gari la kwenda Kitale lilionekana kwa mbali, likishusha watu kituo cha juu.

"Baba," alisema, "sijapata jibu ya kupelekea kaka."

Kisha akafanya jambo ambalo lilimkata Nakhungu maneno katikati, akiwa anamwambia mteja bei. Alinyoosha mkono wa kulia, kiganja wazi, kumpa Jairus.

Mkwe hapewi mkono. Kila aliyekuwa pale alilijua hilo tangu utotoni, na Jerono, binti wa mlimani aliyejifunza mila za Wabukusu kuliko Khisa aliyezaliwa nazo, alilijua vizuri pia. Mkono huo ni wa watu baki. Mzee akiupokea mbele ya watu, amesema kwamba huyu si mke wa mwanangu tena, sina ng'ombe kwao, na mwanamume mwingine akija kumposa asiniulize. Asipoupokea, hahitaji kusema lolote. Atashika tu usukani wake, na mwanamke atayarudisha mabegi kwenye keria.

Jairus aliutazama ule mkono. Katika miaka yote ya chakula kilichowekwa kwenye kigoda, hakuwahi kuuona kwa karibu hivyo. Ulikuwa na sugu za jembe, na kovu kwenye kidole gumba ambalo hakujua lilitoka wapi, na hapakuwa na namna ya kuuliza sasa. Gari lilikuwa linakaribia. Alitamani lipasuke tairi. Alitamani Pauline awe hapo, amwambie la kufanya. Alitamani, Mungu amsamehe, ashike usukani.

Aliiegemeza baiskeli kiunoni, akaufuta mkono wake kwenye suruali, akaupokea ule mkono.

"Mwambie Kiplangat hakuna deni," alisema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye ndizi. "Nenda, mwanangu."

Jerono alitikisa kichwa. Hakuuachia mkono mpaka makanga alipouliza kama ni yeye anayepanda. Mabegi yakapakiwa. Gari likaondoka, likapungua, likaisha.

Nakhungu alichukua ndizi mbili akaziweka kwenye keria bila kusema neno. Jairus aliinamisha kichwa kumshukuru. Kisha akageuka kurudi bomani, akiisukuma baiskeli kwa mkono wa kushoto peke yake, ule wa kulia ameukunja kifuani.